Koti Jeupe kwenye Treni ya Saa Tatu

Mtaani kwao walimwita Kapteni. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuondoka walijua kwamba nyumba yenye mlango wa bluu, pale kwenye kona ya fundi viatu, ni kwa mama yake Kapteni. Ukweli ni kwamba katika ile meli ya watalii yenye ghorofa kumi na mbili zinazong'aa juu ya maji, Kapteni alikuwa chini ya maji, ghorofa isiyo na dirisha hata moja, akikunja mashuka.

Kule chini kulikuwa na mashine ndefu yenye magogo ya chuma yanayochemka. Watu wawili wanaingiza shuka bichi upande huu, wawili wanalipokea kavu upande wa pili na kulikunja kabla halijawaunguza. Kapteni alikuwa upande wa kupokea. Vidole vyake vilishaacha kusikia moto siku nyingi. Abiria hakuwajua kwa sura, maana walikuwa hawakutani, lakini aliwajua kwa nguo: yule anayejimwagia mchuzi kila jioni, yule mama anayelia na kujifutia foronya, yule bwana mnene anayevunja vifungo. Angeweza kukusimulia tabia za nusu ya meli bila kumjua hata mmoja.

Uongo wenyewe hakuusema kwa mdomo, na hicho ndicho alichojitetea nacho miaka tisa. Mwaka wake wa kwanza melini aliletewa sare za maafisa azipige pasi. Mwenzake mmoja, mtu wa mizaha, akamwambia, "Hebu vaa hilo koti nikupige picha, uone unavyopendeza." Akavaa. Koti likamkaa kama alishonewa yeye, mistari ya dhahabu mabegani, vifungo vinameremeta. Akaituma picha nyumbani bila neno lolote, kwa utani tu. Dada yake akamwonyesha mama, mama akakimbia nayo studio, ikakuzwa, ikatiwa fremu. Kufika jioni mtaa mzima una habari: mtoto wa dobi amekuwa mkubwa wa meli.

Alipiga simu siku ile ile kusahihisha, msimwonee. Lakini mama alipokea huku analia, akasema, "Wamekoma, mwanangu! Wamekoma wale waliokuwa wakikuita Povu." Mwanawe akasema, "Ndiyo, mama." Na maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Hilo jina la Povu lina asili yake. Mama yake alikuwa dobi, tena si dobi wa duka lenye kibao na kaunta. Alikuwa dobi wa karai, uani, magoti chini, akifua za majumba ya watu wenye nafasi. Mtoto ndiye aliyezipeleka, furushi kichwani, akikatiza mbele ya shule wakati wenzake wanatoka. Asubuhi moja aliingia darasani na povu la sabuni sikioni, na jina likamganda mpaka alipomaliza masomo. Masomo yenyewe yalilipiwa na karai lile lile, lakini hilo mtoto wa miaka kumi halimtulizi. Aliapa kwamba akikua hatashika nguo chafu ya mtu. Mnaona wenyewe kiapo kilivyomfikisha.

Kitu kimoja cha mama yake hakikumtoka. Mama hakujua kusoma, hivyo kila nyumba aliyoifulia aliipa rangi yake ya uzi: nyekundu kwa mwalimu mkuu, kijani kwa mama mwenye duka, njano kwa daktari. Uzi aliupitisha ndani ya kola, mishono miwili, na haukukatwa mpaka nguo imefika mkononi mwa mwenyewe. "Nguo ya mtu ni ya mtu," alikuwa akisema. "Ukitoa alama kabla hujarudisha, tayari umeshaiba." Melini hapakuwa na nyuzi. Palikuwa na kipande cha kitambaa chenye namba ya chumba, kilichobanwa kwa pini ndani ya kola. Sheria ilikuwa ile ile.

Basi, mwaka wa tisa, yeye likizo zote akikwepa kurudi kwao, meli ikapangiwa kutia nanga, kwa mara ya kwanza, katika bandari ya kwao. Ingefika asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, na kila mtu, abiria na wafanyakazi, awe ndani saa kumi na nusu. Toka bandarini mpaka mjini ni saa nzima na dakika kumi kwa treni. Mama alipoambiwa alisema, "Uje na nguo zako za kazi, baba. Watu wakuone."

Nguo zake za kazi zilikuwa fulana ya kijivu yenye tundu kwapani na aproni ya plastiki. Siku tatu alikosa usingizi. Halafu, juzi yake, likaletwa koti la afisa wa tatu kwa cheo, mtu wa umbo kama lake, lipigwe pasi na kurudishwa siku hiyo ya bandarini saa kumi na mbili jioni. Akalitazama. Koti nalo kama likamtazama. Asubuhi meli ilipotia nanga akatoka langoni na fulana yake kama wafanyakazi wengine, koti limo ndani ya mfuko.

Pini hakuitoa. Kwenye choo cha stesheni ya bandarini, kabla hajalivaa, alijaribu kuitoa, na mkono ukakataa. Mpaka namba ipo, alijiambia, hujaiba, umeazima. Akajiona mwaminifu kabisa. Binadamu hatukosi sababu. Wakubwa walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wakubwa hawakuwapo chooni.

Aliingia mle mtu wa fulana, akatoka afisa. Msafisha vyoo akasimamisha fagio lake wima kama bunduki. "Karibu, mkubwa!" Kapteni akaitikia kwa kidevu. Ilimshangaza jinsi kidevu kilivyojua kazi hiyo upesi.

Ubao wa ratiba ulikuwa pale pale, hatua kumi kutoka chooni. Hakuutazama. Nani anatazama ubao wa kwao?

Treni ya saa tatu ilikuwa na watu wachache, nusu yao abiria wa meli waliokataa kulipia mabasi ya matembezi. Mabasi yale yana faida moja: yakichelewa, meli inayasubiri. Anayekwenda mjini kwa nauli yake mwenyewe hasubiriwi. Akichelewa anaachwa, ndiyo sheria, imeandikwa mpaka nyuma ya mlango wa chumba. Kapteni alikaa kona ya mwisho, dirishani, akiomba asisemeshwe.

Lakini koti halikukaa kimya. Hazikupita stesheni mbili, wakaja mbele yake mzee na mkewe. Mzee alitembelea fimbo, goti lake bovu. Sura yake Kapteni hakuwahi kuiona. Shati alilijua mara moja: lile la mistari ya bluu, kifungo cha tatu alikishona yeye mwenyewe juma lililopita kwa uzi mweupe kidogo kuliko wenzake.

"Samahani, afisa," mke alisema kwa lugha ya melini. "Tunaogopa kuachwa. Turudi na treni gani? Nilitaka kutazama ubao tukifika mjini."

Hapo, wasomaji wangu, palikuwa na jibu la heshima kabisa: utazame, mama. Maneno mawili. Lakini mistari ya dhahabu haisemi "sijui", na nje ya dirisha zilikuwa zinapita nyumba za utotoni mwake, na treni ya saa tisa ilikuwa ndiyo saa yake ya shule. Ilipita nyuma ya madarasa kengele ikilia, kila siku, mvua au jua. Angeiapia.

"Hakuna haja ya ubao, mama," alisema. "Ya saa tisa kamili. Mtafika saa kumi na dakika kumi, tena mtapata muda wa kunywa chai. Mimi mwenyewe narudi nayo."

Mke alitoa kidaftari, akaandika. Kapteni aliweza kusoma kwa kuinamisha shingo kidogo: Treni saa tisa, afisa amesema. Akapiga mstari chini ya neno afisa.

"Tumepumua," alisema mzee. Wakarudi kwenye viti vyao wakiwa wameshikana mikono, na Kapteni akajisikia mtu mwema.

Nyumbani walikuwa wamejaa. Viti vilikusanywa mtaa mzima, na kile cha mbele kabisa, chenye mto, alikikalia mama mwenye duka, yule wa uzi wa kijani. Alikuwa amefuliwa na mama miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo hakuwahi kukanyaga nyumba ile, nguo zilimfuata. Mama alimwalika kwa makusudi, akampa kiti cha mbele kwa makusudi. Juu ya kichwa chake ilining'inia picha, kubwa kama dirisha.

Mama alikuwa amepungua. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono yote miwili, mikono ile migumu yenye mipasuko ya sabuni, akamzunguka polepole akimkagua kama anavyokagua shuka kwenye kamba, mbele, nyuma, tena mbele. "Mtazameni," aliwaambia watu. "Mtazameni basi."

Wakamtazama. Kapteni alitamani sakafu imeze kiti chake.

"Kumbe karai nalo linaweza kuzaa kapteni," alisema mama mwenye duka, na watu wakacheka. Mama alicheka kuliko wote, kwa kuwa alilisubiri neno hilo miaka mingi na hakujali limekuja na mwiba.

Fundi viatu akauliza, "Sasa ile meli yote ile, ndugu yangu, unaiendesha peke yako?"

"Tunasaidiana," alisema Kapteni.

"Usukani mnashika kwa zamu?"

"Kwa zamu, ndiyo."

Zamu hakudanganya. Zamu ya asubuhi mashuka, zamu ya jioni taulo. Alikula kidogo, akajibu kidogo, jasho linamtiririka mgongoni, na kila alipoinua macho alikutana na yeye mwenyewe kwenye fremu, anatabasamu.

Mama akapita nyuma yake na bakuli la nyama. Aliona kola imekaa upande, na dobi hawezi kuona kola imekaa upande akaiacha. Akaweka bakuli chini, akaingiza vidole ndani ya kola kuinyoosha. Vidole vikasimama. Vilikuwa vya baridi, vimetoka kwenye maji, na Kapteni alivisikia shingoni vikiipapasa pini, vikapapasa kile kipande cha kitambaa, pembe moja hadi nyingine, kama mtu asomaye gizani. Kisha mama akailaza kola vizuri, akaipigapiga mara mbili, akachukua bakuli lake na kwenda jikoni.

Hakutoka tena kwa muda mrefu. Kapteni alijiambia mama hajui maana ya namba. Alijiambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu alijua anajidanganya, maana katika ulimwengu mzima hakuna aliyejua maana yake kuliko yule mama.

Saa nane na dakika ishirini akaingia shemeji yake, mume wa dada, mkaguzi wa tiketi kwenye treni, ametoka kazini na kofia yake ya kazi. Mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa.

"Shemeji Kapteni! Nilidhani nitakukosa. Sasa unarudi na gari gani?"

"Ya saa tisa."

Shemeji akacheka mpaka akashika mlango. "Ya saa tisa? Hiyo ilikufa zamani, shemeji! Mwaka wa tatu sasa. Mabehewa yalipunguzwa, wakazikata za mchana. Ukiikosa ya saa saba, kaa ule, mpaka saa kumi na moja." Halafu akaona uso wa mwenzake. "Kwani meli inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Nitasema ukweli hata kama haumpendezeshi: kwanza alijifikiria mwenyewe, kazi yake, na koti la watu linalosubiriwa. Kile kidaftari cha yule mama kilikuja cha pili. Na kilipokuja, na ule mstari chini ya neno afisa, aliona haya hata kwa ile foleni ya mawazo yake.

"Kuna wazee wawili," alisema. "Abiria. Niliwaambia waje na ya saa tisa. Wananisubiri stesheni. Wataachwa."

"Si upige simu?" alisema mama mwenye duka, bila ubaya wowote, kama mtu anayeonyesha mlango ulio wazi. "Wewe si ndiye mkubwa? Waambie wasubiri kidogo."

"Eeh, piga simu," alisema fundi viatu. "Sema Kapteni yuko njiani."

Watu wote wakageuka. Simu ilikuwa mkononi mwake. Namba pekee ya melini aliyokuwa nayo ilikuwa ya msimamizi wa chumba cha kufulia, mtu asiyepokea simu hata ya mkewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani, mbele ya watu kumi na watano na picha moja.

"Meli haimsubiri mtu."

Ilikuwa sauti ya mama, kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, amevaa viatu vya kutokea.

"Hata mwenye nayo haimsubiri," alisema. "Mngekuwa watu wa meli mngejua. Inuka, mwanangu, nakusindikiza. Na wewe, mkwe wangu, badala ya kucheka tafuta njia. Nyie wengine kaeni, mle. Narudi sasa hivi."

Akamshika mwanawe mkono, akamtoa nje mbele ya watu kama alivyokuwa akimtoa alipokuwa na miaka sita. Shemeji aliwatangulia mbio. Alikumbuka kuna gari la mizigo linaloondoka saa tisa kasorobo, linafika ndani kabisa ya bandari saa kumi na robo Mungu akipenda, na mtu wa behewa lake la mwisho ni rafiki yake.

Wazee walikuwa wameketi kwenye benchi chini ya saa ya stesheni, wamewahi, vifurushi vyao vya ununuzi miguuni, kidaftari mapajani. Mke alimwona kwa mbali, akamgusa mumewe. "Unaona? Afisa huyo. Nilikwambia hatatuacha." Na dirisha la tiketi nyuma yao limefungwa, na njia ya reli tupu.

Shemeji alikuwa mwisho wa jukwaa, anambembeleza rafiki yake kwa mikono yote. Mama akamvuta Kapteni pembeni, nyuma ya nguzo.

"Koti la nani?"

"La afisa wa tatu."

"Anajua?"

"Hajui."

"Na wewe, kazi yako ni nini?"

Kapteni alitazama viatu vyake. Viatu angalau vilikuwa vyake. "Nafua, mama. Nafua, nakunja mashuka."

Mtu alikuwa akigonga magurudumu ya gari la mizigo kwa nyundo, moja moja.

"Kufua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine."

"Nilipoishika ile namba nilisema moyoni, mwanangu mwizi. Nikasema labda hana kazi kabisa, labda alifungwa, labda pesa anazotuma ni za haramu. Kumbe anafua."

"Nimekutia aibu, mama. Nisamehe."

"Hapana, usiigeuze." Hakupandisha sauti. "Hukunitia aibu wewe. Mimi ndiye niliyekutia. Ungekuwa umepata kazi ya kubeba mizigo ungesema. Ya kupika ungesema. Ni hii yangu ndiyo iliyokushinda kutamka. Miaka tisa unaona haya kufanana na mimi."

Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini, na lingekuwa uongo mwingine, na yeye alijua, na mama alijua. Akasimama pale na mistari yake ya dhahabu, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, machozi yanamtoka, na hakuwa na cha kujifutia ila mkono wa koti la mwenyewe. Mama akauzuia ule mkono.

"Utaliharibu. Vua."

Akavua. Mama akalikung'uta mara moja, akalilaza juu ya mkono wake, mikono ya koti nyuma, kola juu, akalikunja pale pale wamesimama bila kuliachia mkunjo hata mmoja. Alipofika kwenye pini alisita, akaitoa, akaipachika upya.

"Hukuibana vizuri. Ingetoboa kitambaa," alisema. "Nguo ya mtu ni ya mtu."

Kwa hiyo alikwenda kwa wale wazee na fulana yake ya kijivu yenye tundu kwapani. Mke aliitazama fulana, akatazama mfuko wenye koti, akatazama nyuma yake kama vile afisa bado anakuja.

"Mimi si afisa," alisema Kapteni. "Nafanya kazi chini, kwenye kufulia. Treni niliyowaambia haipo. Kuna gari la mizigo, tutafika, lakini itabidi twende sasa hivi."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa makofi. Yule mama alifikiri kidogo. "Ile ya saa tisa, basi, uliijuaje?"

"Nilizaliwa hapa, mama."

"Nilidhani ulijua kwa sababu u afisa," alisema. "Kumbe hapa ni kwenu." Akainua vifurushi vyake mwenyewe. Kapteni alipotaka kumsaidia, akavivuta kwake.

Behewa la mwisho lilikuwa na benchi moja na masanduku ya vyuma. Wazee walipewa benchi. Mzee alipandishwa kwa tabu, goti linamuuma, shemeji anasukuma huku, Kapteni anavuta kule, na shati la mistari ya bluu likapata doa la grisi bega zima. Kapteni alilitambua doa hilo kwa jina lake na kwa dawa yake. Mke alitoa kidaftari, akatafuta ukurasa wa asubuhi, akaufuta ule mstari wa maandishi kwa kalamu, taratibu, mpaka karatasi ikachanika.

Gari lilipoanza kutembea, Kapteni alisimama mlangoni. Mama alikuwa anarudi nyumbani, peke yake, mgongo umenyooka, akipita kando ya reli. Alikuwa anarudi kwenye ile nyumba iliyojaa watu, kwa mama mwenye duka kwenye kiti chenye mto, chini ya ile picha. Yeye Kapteni anakimbia, na mama anakwenda kujibu. Hapo ndipo aibu ilipomwingia mpaka mifupani, na yote iliyotangulia ikawa mchezo.

Walifika saa kumi na dakika ishirini na mbili. Wazee walipanda ngazi yao, yeye akaingia kwa mlango wake wa chini. Mke hakugeuka. Mzee aliinua fimbo kidogo, labda kuaga, labda kujiweka sawa. Koti alilipiga pasi upya, akalipeleka saa kumi na mbili kamili. Afisa wa tatu alilipokea akitia sahihi bila kumtazama, kama siku zote. Melini hakuna aliyejua lolote, na mpaka leo hawajui.

Meli ilikuwa bado haijapoteza mtandao wa pwani alipopata ujumbe wa sauti wa dada yake. Aliusikiliza amesimama katikati ya marundo ya taulo.

"Mdogo wangu, sijui nianzie wapi. Mama karudi, hakuketi. Mama mwenye duka akamuuliza, 'Kapteni keshaondoka?' Mama akasema, 'Si kapteni. Anafua nguo melini, kama mimi. Ameniambia mwenyewe leo.' Hivyo tu, mbele za watu. Halafu yule mama akaanza kucheka, na fundi viatu naye. Mama kachukua bakuli, kamwongezea nyama kwenye sahani yake, kamwambia, 'Kula, kinapoa.' Wameondoka wote sasa. Nilitaka kuitoa ile picha nimpunguzie uchungu, akanikatalia. Nikamwambia mama, si ni ya uongo? Akasema, 'Sura ndiyo ya uongo. Litazame hilo koti lilivyonyooka. Hiyo pasi ni ya mwanangu.'"

Aliusikiliza mara moja tu. Wenzake walikuwa wanamwita upande wa kupokea, shuka la kwanza limeshatoka, na alilishika likiwa la moto kabisa, akausikia moto wake vidoleni.